Upanga Hauikati: Mwongozo Kamili wa Kutunga Hadithi ya Picha ya Samurai na Mzimu

Mwaka 1776 mwandishi wa Kijapani Ueda Akinari alichapisha mkusanyiko wa hadithi za mizimu uitwao Ugetsu Monogatari. Moja ya hadithi hizo inamhusu samurai Akana Soemon, aliyeugua akiwa safarini akauguzwa na msomi maskini, Hasebe Samon, mpaka wawili hao wakala kiapo cha undugu. Baadaye Akana akalazimika kwenda Izumo. Akaahidi kurudi siku ya tisa ya mwezi wa tisa, sikukuu ya maua ya krisantemu.

Siku ikafika. Samon akafagia nyumba, akapanga maua, akatafuta samaki na sake, pombe ya mchele, akakaa kutwa nzima akiitazama njia. Usiku mkubwa akaona umbo la mtu likija na upepo. Ni Akana. Alipoandaliwa chakula, Akana akauziba uso kwa mkono wa vazi lake kana kwamba harufu inamkera, wala hakula. Kisha akasema ukweli: alizuiliwa ngomeni huko Izumo, hakupata upenyo wa kutoroka, akakumbuka kauli ya wazee kwamba mtu hawezi kwenda ri elfu moja (ri ni kipimo cha zamani cha umbali) kwa siku, ila roho huweza. Akajiua ili awahi.

Kila ninapokaa kutunga hadithi ya samurai na mzimu, huirudia hiyo kwanza. Hakuna meno ya kutisha wala damu ukutani. Kuna mtu aliyekufa ambaye bado ana adabu, na kuna sahani ya chakula isiyoguswa. Samurai ni mtu aliyelelewa kumaliza mambo kwa upanga. Mzimu ni jambo ambalo upanga hauwezi kulikata. Ukiwakutanisha hao wawili kwa namna ambayo upanga unakuwa hauna kazi, umepata hadithi. Ukimwacha samurai aukate mzimu vipande viwili ukurasa wa mwisho, umepata vita tu, na vita msomaji ameviona tele.

Mwongozo huu ni wa hadithi fupi ya kurasa 24, nyeusi na nyeupe, mtunzi na mchoraji wakiwa mtu mmoja au wawili. Tutajenga hadithi moja pamoja tangu mwanzo mpaka mwisho, ili kila hatua uione ikifanya kazi.

Hatua ya 1: Tafuta deni kabla ya kutafuta mzimu

Wajapani hutofautisha viumbe ambao sisi, tukisoma haraka, huwarundika pamoja. Yokai ni viumbe vya ajabu: kappa wa mtoni, mbweha anayejigeuza mwanamke, mwavuli mkuukuu wenye jicho moja. Yurei ni binadamu aliyekufa: ana jina, ana jamaa, na kuna jambo lililomzuia asiende. Yurei mwenye kisasi huitwa onryo, na anayejulikana kuliko wote ni Oiwa wa tamthilia ya kabuki iliyoonyeshwa Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1825, mke aliyelishwa sumu ikamharibu uso, mumewe akiwa samurai asiye na bwana aliyetaka kuoa kwenye fedha. Watu humkumbuka Oiwa kwa uso wake ulioharibika, lakini jambo linaloumiza ni pale anapozichana nywele zake ili akadai haki yake akiwa nadhifu, nazo zinang'oka kwa mafungu.

Kiswahili nacho kina nyumba zake. Jini hajawahi kuwa mtu, kwa hiyo usimwite yurei jini. Mzimu kwa wengi wetu ni wa wahenga na una mahali pake pa kutambikiwa. Ninatumia neno mzimu humu kwa kuwa ndilo lililo karibu zaidi, ila ndani ya hadithi yenyewe jaribu kutolitumia kabisa. Wahusika wamwite kwa kazi yake au kwa jina lake. Msomaji akisoma "yule mlinzi" atamwona mtu, na akisoma "mzimu" atakaa tayari kutishwa.

Sasa chukua karatasi, uandike sentensi moja inayojibu swali hili: marehemu huyu anadai nini? Anaweza kudai maziko, msamaha, habari ya mtoto wake, au kudai tu kwamba mtu alitaje jina lake. Osamu Tezuka, alipoanza Dororo mwaka 1967, alilijenga deni kubwa kuliko yote: baba samurai anawapa mapepo viungo 48 vya mwanawe mchanga ili apate utawala, na kijana anakua akivirudisha kimoja kimoja. Wewe huna haja ya deni kubwa hivyo. Deni dogo, lenye mipaka, huuma zaidi kwenye kurasa 24.

Letu ni hili: *Askari wa miguu aliambiwa alinde daraja mpaka aletewe amri ya kuondoka. Amri haikuletwa.*

Usiendelee mpaka sentensi yako iwe fupi namna hiyo. Ikihitaji "lakini pia" katikati, una hadithi mbili.

Hatua ya 2: Mfanye samurai wako awe ndiye mdaiwa

Hapa ndipo waandishi wengi chipukizi huteleza, nami niliteleza kwa muda mrefu. Samurai wao ni mpita njia. Anafika kijijini, anaambiwa kuna mzimu, anausaidia, anaondoka. Ni mtu mwema asiye na hasara yoyote, na msomaji humtazama kama anavyomtazama fundi aliyekuja kuziba bomba.

Tazama kisa cha Atsumori. Mwaka 1184, katika vita vya Ichi-no-Tani, shujaa Kumagai Naozane alimwangusha adui kutoka kwenye farasi, akamvua kofia ya chuma, akakuta kijana wa umri wa mwanawe mwenyewe: Atsumori. Alitaka kumwachia. Wapanda farasi wa upande wake walikuwa wanakaribia, na kama si yeye wangemuua wao. Akamkata kichwa huku akilia, kisha akakuta filimbi kwenye mshipi wa yule kijana. Kumagai aliishia kuacha silaha na kuwa mtawa. Karibu karne mbili na nusu baadaye mtunzi Zeami alikitungia kisa hicho mchezo wa no, tamthilia ya kale ya Kijapani: mtawa anarudi mahali pale kumwombea Atsumori, na mzimu wa Atsumori unamtokea. Karibu na mwisho mzimu unauinua upanga ulipize kisasi, kisha unaona kwamba adui huyu amekuwa akimwombea kwa miaka yote. Upanga unashuka. Si adui tena.

Jiulize: ni nani hasa aliyesababisha deni la sentensi yangu? Huyo ndiye samurai wako. Katika hadithi yetu mlinzi hakuletewa amri kwa sababu kijana aliyetumwa kuipeleka aliogopa, akaitupa barua, akakimbilia msituni. Miaka 15 baadaye kijana huyo ni ronini, samurai asiye na bwana, mwenye jina la ushujaa ambalo yeye mwenyewe hulisikia kama tusi. Usiku mmoja anapita kwenye daraja lile.

Hadithi imekwisha kujiandika nusu. Sasa anayekutana na mzimu ana la kupoteza.

Hatua ya 3: Weka tarehe

"Zamani za kale Japani" haitoshi. Tarehe huleta vitu, na vitu ndivyo vinavyoliza watu.

Vita vya Sekigahara vilipiganwa tarehe 21 Oktoba 1600 katika mkoa wa Mino, navyo vikampa Tokugawa Ieyasu nchi nzima. Mwaka 1603 akawa shoguni, mtawala wa kijeshi, na ukoo wake ukatawala hadi 1868. Mwaka 1615 ngome ya Osaka ikaanguka, na samurai wengi wasio na bwana wakabaki wakizunguka. Kati ya 1600 na 1615 ni miaka 15. Basi mlinzi wetu alikufa usiku wa kuamkia vita vile, kwenye daraja la mbao katika njia ya milimani huko Mino, na ronini wetu anapita mwaka 1615, mwezi wa saba, akitoka kushindwa Osaka.

Kwa nini mwezi wa saba? Kwa sababu ya Obon. Kwa kalenda ya wakati ule, tarehe 13 ya mwezi wa saba watu huwasha moto mlangoni kuwaongoza marehemu wao waje nyumbani, hukaa nao, na tarehe 16 huwasha moto wa kuwasindikiza warudi. Sasa msimamishe mlinzi wetu darajani kila mwaka katika siku hizo. Anaona mioto ikiwaka bondeni, mmoja baada ya mwingine. Mmoja ni wa mkewe, anamwashia yeye. Lakini hajui kama amekufa. Anadhani ni kambi ya adui. Kwa hiyo, katika usiku ule ule anaoitwa nyumbani, ndipo anapokaza zaidi mkuki wake.

Wazo hilo halikunijia kwa kuketi nikitafuta jambo la kusikitisha. Lilikuja kwa kuangalia kalenda. Na kalenda hiyo ilikuwa ya mwezi, kwa hiyo tarehe 15 ni mbalamwezi kamili. Usichore mwezi mwandamo usiku wa Obon.

Upande wa vitu, msome ashigaru, yaani askari wa miguu, kuliko samurai mwenyewe. Ashigaru alivaa kofia pana iliyochongoka iitwayo jingasa. Vazi lake la kivita mara nyingi lilikuwa la kuazimwa kwa bwana wake. Wali mkavu aliubeba kwenye mfuko mrefu wa kitambaa uliofungwa mafundo, kila fundo mlo mmoja. Na alikuwa na kamba ya mashina ya majimbi yaliyochemshwa kwenye miso yakakaushwa: ilifunga mizigo mchana, na usiku alikata kipande akakitia kwenye maji moto kikawa supu. Mtu anayekula kamba yake mwenyewe. Ukishakuwa na kitu kama hicho, huhitaji kumwandikia msomaji kwamba askari alikuwa maskini.

Hatua ya 4: Panda dalili za mauti, kisha zinyamazie

Msomaji anatakiwa ajue kabla hajajua. Picha ina uwezo huo kuliko maandishi matupu, kwa sababu jicho huona kitu bila mdomo kukitaja.

Dalili ya kwanza ambayo kila mchoraji lazima aijue ni kimono. Aliye hai huvaa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Maiti huvalishwa kinyume. Mchore mwanamke anayemkaribisha mgeni chai, upande wa kulia ukiwa juu, usiseme neno. Msomaji makini atakauka koo.

Hapa naomba nisisitize jambo la kiufundi. Miaka ya nyuma manga nyingi, yaani hadithi za picha za Kijapani, zilipochapishwa Marekani na Ulaya, kurasa ziligeuzwa kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto. Kimono zote zikageuka nazo, wahusika wazima wakavaa kama maiti, na panga zikahamia nyonga ya kulia. Ukichora kwenye tableti na una mazoea ya kugeuza ukurasa ili kukagua uwiano wa sura, hakikisha umeurudisha kabla ya kuhifadhi. Katana, upanga mrefu wa samurai, hukaa nyonga ya kushoto, makali yakitazama juu.

Dalili ya pili ni miguu. Yurei wa michoroni hana miguu. Mtindo huo huhusishwa na mchoraji Maruyama Okyo wa karne ya 18. Kanzu nyeupe na kitambaa cha pembe tatu kwenye paji la uso ni mavazi ya maziko. Na hapa fikiri kabla ya kunakili: mlinzi wetu hakuzikwa. Hakuna aliyemvika nyeupe. Ukimchora na kile kitambaa umedanganya, na tena umeipoteza huzuni yake yote, kwa sababu huzuni yake ni kwamba hakuna aliyemwandaa. Yeye avae vilevile alivyokufa. Miguu yake uifiche kwenye nyasi, kwenye ukungu, nyuma ya nguzo ya daraja, kurasa zote mpaka atakapoaga, bila kukosea hata mara moja.

Dalili zetu nyingine ziwe za hadithi hii peke yake. Mbu wanamtesa ronini lakini hawamsogelei mlinzi. Supu anayomkaribisha mgeni haitoi mvuke. Na kamba: usiku wa kwanza anakata kipande, usiku wa pili kamba ni nzima tena. Ichore kamba hiyo kwa urefu ule ule, mahali pale pale. Chora tatu au nne tu za namna hii. Zikizidi, zinakuwa fumbo la kuchezea, na msomaji anayehesabu dalili hawezi kuguswa.

Hatua ya 5: Gawa kurasa

Wajapani wana mpangilio wa sehemu nne uitwao kishotenketsu: kuanza, kuendeleza, kugeuka, kufunga. Haudai ugomvi. Unadai kwamba sehemu ya tatu ilete jambo ambalo linakufanya uzione upya zile mbili za kwanza, na kwa hadithi ya mzimu sijaona mpangilio unaoufaa zaidi.

Kurasa 1 hadi 5, kuanza. Tarehe 13. Ronini anakunywa chai kwenye kibanda cha njiani, ana sarafu saba, analipa moja. Bibi wa kibanda anamwambia apite njia ya chini, ya juu ina daraja bovu. Anakwenda ya juu, kwa sababu ya chini ina askari wanaowasaka walioshindwa Osaka. Giza linaingia. Darajani mlinzi anamsimamisha na kudai neno la siri.

Kurasa 6 hadi 13, kuendeleza. Ronini anajibu bila kufikiri, na anajibu sawa. Mvua imeharibu njia ya mbele, hivyo ronini analazimika kubaki. Supu, mbu, mioto ya bondeni, mlinzi akisimulia kuhusu mkewe. Usiku wa pili ronini anamtambua, aibu inamshinda, anauchomoa upanga na kupiga. Unapita kama kwenye moshi. Mlinzi anainama: "Samahani, bwana, nimekushtua." Huo ndio mpigo pekee wa upanga katika kurasa zote 24.

Kurasa 14 hadi 19, kugeuka. Tarehe 15. Mlinzi anauliza swali ambalo amekuwa akiwauliza wapita njia kwa miaka 15: "Hukukutana na mjumbe huko njiani? Alikuwa kijana mdogo. Nina wasiwasi naye."

Hapo ndipo hadithi ilipo. Ronini alidhani analaaniwa miaka yote, kumbe alikuwa anaombewa afike salama. Kama una siku kumi za kuchora, kurasa hizi sita zichukue tano.

Kurasa 20 hadi 24, kufunga. Nitairudia.

Hatua ya 6: Tumia kufunua ukurasa, na tumia ukimya

Chagua upande wa kusoma. Manga husomwa kutoka kulia, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kutoka kulia kwa karne nyingi katika hati ya Kiarabu, kwa hiyo si jambo geni kwetu kama linavyodhaniwa. Hata hivyo leo wasomaji wako wengi wamezoea kushoto. Anzia kushoto.

Kitabu kikianza na ukurasa wa 1 upande wa kulia, kurasa za namba shufwa ndizo zinazofunuliwa. Kila jambo la kushtua liwe kisanduku cha kwanza cha ukurasa wa shufwa, na swali lake liwe kisanduku cha mwisho cha ukurasa uliotangulia. Mlinzi adai neno la siri mwishoni mwa ukurasa wa 5. Jibu liwe juu ya ukurasa wa 6. Aulize habari za mjumbe mwishoni mwa ukurasa wa 15. Msomaji afunue. Ukurasa wa 16 uwe na kisanduku kimoja tu kilichoujaza wote: ronini amepiga magoti, paji la uso kwenye mbao za daraja, hakuna maneno. "Ni mimi" lije ukurasa wa 17, kwa herufi ndogo.

Kwa wanaosoma kwenye simu kwa kuteremsha kidole, hakuna kufunua. Badala yake acha nafasi tupu ndefu kati ya swali na picha. Kidole kikiteremka mara mbili bila kukuta kitu, pumzi hushikwa vilevile.

Manga wana neno la kuandika ukimya: "shiin". Sisi tuna hazina yetu ya sauti, itumie: jiwe likianguka mtoni liwe chubwi, giza liwe totoro, maji yatulie tuli. Lakini kwenye kurasa za kugeuka futa sauti zote, hata za wadudu. Kama uliwachora nyenje wakilia tangu ukurasa wa 3, kutoweka kwao ukurasa wa 16 kutasikika.

Kuhusu wino ni kifupi: mlinzi mchore kwa mstari mwembamba, bila weusi mzito, ronini kwa mstari mnene. Mistari ya mvua ipite juu ya mlinzi, ikatizwe na ronini.

Hatua ya 7: Andika mazungumzo, kisha punguza nusu

Usijaze maneno ya Kijapani. Samurai, ronini, kimono, katana, basi. Msomaji hahitaji "hai" na "sama" kila kiputo cha maneno. Wala usitie "shikamoo", kwani ina historia yake hapa kwetu na itamtoa msomaji Mino mara moja. Heshima ionekane kwa mpangilio: mlinzi ni mtu wa chini, amwite ronini "bwana", aombe radhi kabla ya kuuliza, asimalize sentensi za malalamiko. Ronini mwanzoni amjibu kwa mkato. Baada ya ukurasa wa 17 yeye ndiye amwite mlinzi "bwana". Badiliko hilo moja la neno linafanya kazi ya ukurasa mzima wa majuto.

Rasimu yangu ya kwanza ya jibu la mlinzi, ronini alipokiri, ilikuwa hivi:

"Nimekusamehe. Miaka yote hii sikukuchukia hata siku moja, maana ulikuwa mtoto na vita ni vibaya."

Kila neno ni kweli na halimgusi mtu yeyote. Mlinzi ameacha kuwa mlinzi, amekuwa mwandishi akieleza. Nikajiuliza: mtu huyu, kwa alivyo, angeona nini mbele yake? Angeona mjumbe aliyefika. Kwake jambo hili ni jema. Kwa hiyo anasema:

"Njia lazima ilikuwa mbaya sana, hata ukachelewa hivi. Pole."

Hajasamehe, kwa sababu hajaona kosa. Hilo ndilo lisilovumilika kwa ronini, na msomaji huvunjika hapo bila kuambiwa avunjike. Kanuni ninayoifuata: kiputo chochote chenye jina la hisia ndani yake (huzuni, majuto, upendo, msamaha) nakifuta, natazama kama picha inasimama bila hicho. Mara nyingi husimama vizuri zaidi.

Hatua ya 8: Mlipie marehemu kwa kile alichodai, si kwa kingine

Mlinzi hakudai kuombwa radhi. Alidai amri. Basi ronini lazima aitoe, kwa sauti rasmi, magoti yakiwa chini, kana kwamba barua iko mkononi: "Amri ya bwana. Acha daraja. Rudi nyumbani." Bwana mwenyewe alikwisha kufa Sekigahara. Mdomo unaotoa amri ulisaliti amri hiyo hiyo. Bado amri ni ya kweli, na imefika.

Kabla ya kuondoka, mlinzi aulize jambo dogo la kiutumishi: vazi hili la kuazima alirudishe kwa nani? Ronini anasema atalirudisha yeye. Maswali madogo ya namna hii yaweke karibu kabisa na kilele. Mtu anapoaga kweli huzungumza mambo ya funguo na vyombo.

Na usimfanye mlinzi ayeyuke kwenye mwanga wa dhahabu akitabasamu. Avuke daraja, kwa miguu. Ndiyo, hapa ndipo unapomchora miguu kwa mara ya kwanza, viatu vya majani ya mpunga, akikanyaga njia ya kwenda bondeni ambako mioto bado inawaka. Ni tarehe 15. Amebakiwa na usiku mmoja wa kukaa nyumbani.

Hatua ya 9: Funga bila kueleza

Kurasa mbili za mwisho ziwe za mchana na zisiwe na neno. Daraja linaonekana lilivyo, limeoza, nguzo mbili zimeanguka. Ronini anashuka chini yake. Mifupa, jingasa iliyopata kutu, vazi lenye alama ya bwana. Anachimba kwa wakizashi, upanga wake mfupi, ambao sasa umepata kazi. Anatoa mfuko wake. Kwa imani ya Kibudha ya Japani, marehemu huhitaji sarafu sita za kuvukia mto Sanzu. Anazo sita kamili. Anaziweka zote, anafunga vazi mgongoni, anapanda njia ya kwenda kulirudisha.

Usiandike popote kwamba hana hata ya chai.

Hatua ya 10: Mpe mtu asome ukimtazama

Usimtumie na kusubiri maoni, maana watu huandika "nzuri sana" kwa upendo. Kaa naye. Tazama macho yake kwenye ukurasa wa 15: akifunua haraka, swali halijamshika, rudi ukalikuze. Akisimama kwenye ukurasa wa 11 akitafuta jinsi upanga ulivyopita, mchoro wako hausomeki, uchore upya. Akikuuliza mwishoni mlinzi alikuwa mzimu au vipi, dalili zako ni chache mno. Akisema alijua mapema mno, punguza moja, na anza na supu.

Kisha mnyamazie. Kama kazi imekaa sawa, hatakutazama wewe. Atarudi nyuma mwenyewe, taratibu, mpaka ukurasa wa 2, pale kwenye kibanda cha chai, na ataanza kuzihesabu zile sarafu.